Jicho la Dada Veronika

Jumatatu, 3 Machi 1975
Maji nimechota. Kuku nimewafungulia. Palizi shamba la kijiji, jioni darasa la watu wazima. Dada Veronika, jirani yangu, amesoma ukurasa mzima bila kukosea. Kitabu kilikuwa juu chini. Nimeona mimi peke yangu.

Jumatano, 5 Machi
Veronika amekiri. Macho yake yote mawili yana ukungu. Mtu anamwona kama kivuli ndani ya maji. Masomo huyakariri kwa kusikia.
"Usiseme, Mama Hamisi. Mwanangu atanipeleka kwake Masanze, nikakae jikoni kama gunia."
Baba yake Veronika aliletwa huku kukata mkonge. Yeye Mkristo. Mimi Mwislamu wa hapa hapa. Kijiji kilipopangwa tuliwekwa jirani, nikanung'unika mwezi mzima. Siku hizi chakula hakipiti bila yeye.

Jumapili, 9 Machi
Nimempeleka kanisani, nikamngoja upenuni. Mvua nyembamba. Waliimba, nikasinzia. Nikamwota marehemu mume wangu anavuka mto Mkondoa, miguu hailowi. Hakugeuka.
Tangu nimzike sijaswali. Niliomba sana apone. Akafa. Watu wananiona na ushungi wangu, wanadhani mambo ni yale yale.

Alhamisi, 13 Machi
Leo nusura atumbukie kisimani. Nilimdaka khanga. Nikamwambia sasa nitasema.
"Sema. Na tusijuane tena."
Nimesema zahanati. Mganga kamtazama: mtoto wa jicho. Daktari wa macho atafika Kilosa wiki ijayo, huenda akampasua.
Nilipiga hodi kwake mara tatu. Hakuitika.

Ijumaa, 14 Machi
Namsikia akikohoa tu. Nimepika kisamvu, nimewapa kuku.

Jumanne, 18 Machi
Asubuhi amebisha yeye. Kavaa gauni la kanisani, kiatu kimoja mkononi.
"Naogopa. Twende wote."
Tumepanda lori la mkonge hadi Kilosa. Njia nzima kanishika kidole kimoja, kile kidogo.

Alhamisi, 20 Machi
Jicho moja limepasuliwa. Amefungwa bandeji. Alale chali, asikohoe, asicheke. Veronika, asicheke! Nimekaa pembeni nimeng'ata ulimi.
Mchana kaniambia, "Niombee. Hata kwa huko kwenu."
Nikatoka. Nikatia udhu bombani, nikatandika khanga kwenye majani nyuma ya wodi. Nilidhani nimesahau. Maneno yalikuja yenyewe, kama ng'ombe wanaojua zizi lao. Sikuomba mengi. Nilishukuru kwamba bado nina mtu wa kuogopa kumpoteza. Nililia. Nesi alipita, akajifanya hakuniona.

Jumapili, 6 Aprili
Tuko nyumbani. Jicho halikurudi lote. Herufi haoni, rangi anaona. Kwanza alilia, kisha akauliza kama khanga yangu siku zote ilikuwa mbaya hivi. Mwanawe alisikia habari, akaja kumchukua, akakuta tunacheka, akaondoka peke yake.
Mvua imekatika. Tumekaa kizingitini, tunachambua mchicha. Yeye anachambua kwa vidole, haraka kuliko mimi.
"Ile ya bluu kule," akasema, "ni milima au mawingu?"
Nikatazama muda mrefu. Hata mimi sikujua.
Nikamwambia tungoje, tuone kama itasogea.