Manjano ya Mjukuu

4 Machi

Mama, shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi si wazima. Mjukuu wako amelazwa, macho yake yamekuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Ulipoleta nguo za utotoni za baba yake, nilikuomba nizifue kwanza. Ukasema nguo iliyotunzwa haifuliwi, ukamvika mwenyewe. Zilikuwa zinanuka vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kabatini. Daktari anasema mtoto amezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinacholinda damu, na vidonge hivyo vinaiharibu. Ameongezewa damu mara mbili. Nina hasira nawe, mama, na sitakuficha.

Mkweo

9 Machi

Marahaba. Nimeamka salama, ingawa barua yako imenipandisha presha. Nguo hizo zimelea wanangu wote, hakuna aliyelazwa. Jirani yangu muuguzi ameniambia ugonjwa huo mtoto wa kiume huurithi kwa mama yake, baba hahusiki. Kumbe! Unaninyooshea kidole mimi, na damu mbovu umekuja nayo wewe. Nyani haoni kundule. Nimeshamwandikia mwanangu akurudishe kwenu, atafute mke mwenye damu safi. Mjukuu wangu nitamlea mwenyewe.

Mama mkwe wako

30 Machi

Mama, shikamoo. Mtoto ametoka hospitali, ananyonya vizuri. Barua yako kwa mwanao nimeisoma. Aliiacha mezani, akaanza kulala sebuleni. Nilikwishaanza kukunja nguo zangu.

Ni kweli, mtoto ameupata kwangu. Nimepimwa, ninao, ila mimi haunisumbui. Lakini daktari alisema huku kwetu umeenea: ukikusanya wavulana kumi, humkosi mmoja. Akataka baba naye apimwe, maana huenda nguo zile alizivaa kabla hazijatiwa vidonge.

Kapimwa. Anao.

Muuguzi wako amekwishakueleza mtoto wa kiume huupata wapi. Basi niambie, mama, nani arudishwe kwao? Mwanao amerudi chumbani, ameniomba radhi. Wewe bado. Na wifi yangu ni mjamzito, naye ni binti yako, huenda anao. Mwambie apimwe. Ukinyamaza, nitamwambia mimi.

Mkweo

2 Juni

Mke wa mwanangu, hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo inachemka. Muda wote huu nilikuwa nakutafutia matusi. Nikaenda kupimwa ili nikutupie majibu usoni. Ninao.

Nikamwambia wifi yako, akapimwa, naye anao. Tumbo limekuwa kubwa, na wamemwambia ni mvulana. Mumewe mpole. Ila mama mkwe wake! Amekuja mpaka sebuleni kwangu, akakaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu, akasema mwanawe atatafutiwa mke mwenye damu safi. Nilisimama nimrarue. Nikaketi tena, maana kila alilosema nilikwisha kukuandikia wewe. Alipoondoka nilipasua kikombe alichonywea.

Binti yangu analia tu, hajui kujibu, nimemlea kwa adabu mno. Wewe unajua. Nenda ukakae naye mpaka ajifungue, na yule mwanamke akifika, mwambie kama ulivyoniambia mimi. Usimpunguzie hata neno moja.

Mama