Muzee Gaspari, Redio ya Gari Yako Inalia

Muzee Gaspari,

Nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa hao wapya wanaofika huko kila siku: toka Uvira mpaka Kigoma, fundi umeme wa magari namba moja sasa ni mimi, Fisto wako. Kama jua lingekuwa na fyuzi, siku ikiungua Mungu angetuma mutu kwenye gereji yetu Nyakabiga aje aniulizie. Na mi ningemwambia akae kwenye ile tairi yetu ya kungojea, kuna gari mbili mbele yake.

Najua umecheka. Ulikuwaga unacheka hivyo hivyo, bila sauti, mabega peke yake ndiyo yanacheka. Halafu unasema: "Fisto, mu kichwa yako umeme iko mingi. Ile haiko ni waya ya kuirudisha." Nami nakujibu umeme wangu haurudi, unaenda mbele tu. Shule niliiacha mwaka wa saba, lakini mdomo niliondoka nao wote.

Gereji iko. Wateja wako bado wanakuja, wanachungulia juu ya bega langu wakikutafuta, halafu wananipa ufunguo wa gari pole pole, kama mutu anayempa mutoto wa mwenzake kisu. Nimewazoea.

Ila si hayo ninayokuandikia. Nakuandikia juu Jumamosi tumeganduka. Matanga yako yamekwisha.

Kuna kitu hukuona, kwa sababu tulikuwa tumekuacha kule Ruziba kwenu, karibu na ziwa. Tuliporudi siku ile ya kukuzika, bibi yako, Mama Kevine, alisimama kwenye mlango wa nyumba Musaga, viatu vyenye udongo mkononi, akasema hakuna redio itakayolia kwenye ua huu mpaka siku ya kuganduka. Na ya kwanza kulia itakuwa ile ya gari yako. Alisema mara moja tu, hakupandisha sauti. Mwaka mzima, Muzee! Kevine wako alikuwa anaangalia mpira kwenye simu bila sauti, timu yake ikifunga anashangilia kwa mikono. Wapangaji wa nyuma walijifunza kunong'ona. Hata mimi, unanijua, nilikuwa nashuka kwenye basi naongea, napanda kilima naongea, nikifika getini nanyamaza kama mutu aliyechelewa misa.

Na Pejo yako 404 ilikaa pale pale ulipoiacha, chini ya shitingi, ile plastiki ya kuifunika. Hakuna aliyeigusa.

Wiki ya mwisho akaja Tonto Reva, kaka yake Mama Kevine, yule wa suruali za kubana. Amebeba redio mpya ndani ya boksi. Inawaka taa za buluu, inaongea na simu, inasalimia mutu. Akamwambia dada yake: "Hii ya zamani tumupe mutu wa vyuma vikuukuu. Gaspari mwenyewe angeona hii, angelia." Mama Kevine alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho. Akasema: "Ni ile ile, ao basi." Halafu akaniangalia mimi. Unajua anavyoangaliaga. Mdomo wangu ukatoka mbio bila mimi: "Mama, usiogope. Hata ingekuwa imezikwa, mi naifufua."

Imezikwa, Muzee! Nilitamani kuimeza ile sentensi na maharage mabichi juu yake. Tonto Reva akasema sawa, kijana ajaribu, lakini Ijumaa jioni ikiwa bado bubu, ya buluu inaingia, hatuwezi kuaibika mbele ya wageni. Nikaona Mama Kevine ameacha maharage, ameshika sinia kwa mikono miwili, na hapo nikaelewa kwamba ahadi yangu ameishaiweka moyoni, hakuna pa kukimbilia.

Basi nikaingia kazini. Nilivuta vile vifungo viwili vya kuzungusha, kile cha sauti na kile cha kutafuta stasiyo. Nyuma yake nikakuta nati zimeshika kutu, nikazipa mafuta nikazibembeleza. Nikang'oa lile sanduku dogo la mbele ya abiria ili mkono upite. Halafu nikalala chali, kichwa chini ya tablo, hiyo dashibodi, miguu juu ya kiti, tochi ya simu mdomoni. Ungesema ndiyo siku ya kwanza mdomo wangu kufanya kazi ya maana.

Panya, Muzee! Walikuwa wamejenga quartier nzima, mtaa na barabara zake, humo ndani. Wamelalia sponji ya kiti na kile kitambaa chako cha kufutia mikono. Waya za redio wamezila, za dinamo wamezila, shaba iko uchi. Nikajisemea: Fisto, umekwisha.

Halafu simu ikazimika. Giza chini ya tablo unalijua, hata mchana ni giza. Nikanyosha mkono nipapase, nijue wapi pa kushika, na vidole vyangu vikakutana na wewe.

Sijui niandikeje hii. Uzi. Uzi wa nyavu, ule uliokuwa unautoa Ruziba kwa kaka zako wavuvi. Sisi wote tunafunga waya kwa skochi, ile tepu nyeusi, wewe ulikuwa unafunga kwa uzi wa nyavu uliopakwa nta, na mi nakucheka: "Shefu, unafunga waya ao unavua ndagala?" Sasa niko gizani napapasa, nasikia fundo moja, halafu nafasi ya kidole, halafu fundo moja tena. Nikafuata, nikafika kwenye taa za mbele. Nikarudi, nikashika furushi jingine: mafundo mawili mawili. Nikafuata, nikafika kwenye zile fagio za kufuta kioo. Jingine, matatu matatu: redio. Kila kazi na hesabu yake ya mafundo. Gari nzima umeiandika, na inasomeka kwa vidole tu.

Ndiyo maana hukuwahi kuniomba tochi! Miaka yote ile nilidhani ni maringo.

Hukunifundisha hiyo. Ao labda ulinifundisha, mi nikawa naongea.

Nilinyamaza pale chini, Muzee. Nilikaa nimeshika zile waya kama mutu anavyoshika mkono wa mgonjwa. Kevine akapita akauliza: "Fisto, umelala?" Nilikuwa nafikiri, mutu amekaa humu peke yake, anafunga mafundo mazuri namna hii mahali ambapo hakuna jicho litakalofika, na akitoka anajifuta mikono, anaagiza chai. Kama mimi, ningeita watu waje waone. Ningeita redio yenyewe inihoji.

Basi nikafanya kazi kama nilivyokuona unafanya. Mafundo yote yaliyokuwa mazima nimeyaacha, sikugusa hata moja. Zile zilizoliwa na panya ndizo nilizotoa, za redio na za dinamo. Nikaweka waya mpya moja kwa moja toka betri, niliyoichaji gereji, nikakwangua kila mahali waya inapokutana na bodi mpaka chuma ikang'aa kama sahani ya harusi. Nikafunga kwa uzi, matatu matatu. Mabaya, lakini matatu. Waya za zamani akapita kijana wa vyuma vikuukuu, nikamtupia kwenye mfuko wake.

Lakini kujaribu je? Redio bado imekatazwa kulia. Siwezi kuifungulia uani, Mama Kevine yuko pale anatandaza mihogo. Nikafikiri sana, na kufikiri mi kunanichosha. Mwisho nikaitoa spika mahali pake, nikavua shati, nikaifunga kama mutoto mchanga, nikaingiza kidole ndani kikagusa ile karatasi yake. Nikawasha.

Sindano nyekundu ya stasiyo ikapata mwanga. Na karatasi ikatikisika chini ya kidole changu.

Muzee, nimeshika sauti ya mutu! Sikuisikia, niliishika. Kulikuwa na mwanaume anaongea, nadhani habari, anasimama, anaendelea, halafu ikaja ngoma, ikawa inanipiga kwenye ncha ya kidole, tu, tu, tu, kama moyo wa kuku ukimkamata. Nywele zilinisimama mpaka mgongoni. Nyumba nzima kimya, ndege tu juu ya mabati, na mi peke yangu katika ua wako nina dunia yote kwenye kidole. Nikazima haraka. Nikairudisha spika mahali pake, nikavaa shati.

Jumamosi sasa. Watu walijaa mpaka barabarani. Esansi ya kuweka kwenye gari unajua ilivyo shida, nilipanga foleni na bidoni mpaka miguu ikasahau ni ya nani. Kabla ya hotuba, Mama Kevine akaniita pembeni. "Fisto, usiiwashie hapa. Ishushe mpaka kule kwa kona, halafu upande nayo vile alikuwaga anapanda." Mi nikadhani anataka wageni waone gari inaingia kwa heshima. Nikasema ndiyo Mama, watashangaa mpaka wasahau kula.

Nikashuka. Nikageuza pale kona. Nikafungua vioo vyote, nikafungulia redio mpaka mwisho, nikapanda.

Iliimba! Safi, Muzee, safi kama maji ya… ngoja, sijui hata neno lake. Safi tu. Watoto walikimbia pembeni ya gari. Geti likafunguka, akina mama wakapiga vigelegele, wazee wa kanisa wakasimama. Wapangaji wa nyuma, waliofunga midomo mwaka mzima, walitoka wanapiga kelele kama watu waliotolewa jela. Tonto Reva ndiye wa kwanza kucheza, boksi lake la taa za buluu bado liko kwapani. Kaka zako wa Ruziba walinibeba mabegani. Mimi! Kutoka huko juu niliona ua wote unatikisika na nikasema, kama Muzee anaona hii, leo amecheka kwa sauti.

Basi hiyo ndiyo habari. Ningekuaga hapa, na ungekaa vizuri huko ukijua mwanafunzi wako amekutoa aibu. Ulale salama, Muzee Gaspari. Nitapanda Musaga kila Jumapili kuwasha gari ili betri isife, na kabla sijagusa waya ya mutu mwingine nitazima tochi kwanza, nipapase.

Ningeishia hapo. Lakini wewe ulikuwaga unaniangalia tu mpaka nimalize.

Mama Kevine hakutoka jikoni. Watu wanacheza, yeye hayupo. Nikamfuata. Alikuwa amesimama, mgongo kwa mlango, mkono juu ya mfuniko wa sufuria. Nikamwambia: "Mama, si umesikia?" Akasema: "Nimesikia redio." Nikangoja asifie. Akasema: "Na nyuki zake?"

Unazijua nyuki. Ile zzzz iliyokuwa ndani ya redio yako, ukikanyaga gazi inapanda, ukiachia inashuka. Nilikuwaga nakutania mbele ya wateja: "Kinyozi hajinyoi, Shefu?" Ulikuwaga unasema tu: "Wacha nyuki zangu." Nilipokuwa chini ya tablo nilikuta lile kopo dogo la bati, antiparaziti, lile linalokamata kelele za injini zisiingie kwenye redio. Umelifunga vizuri na skurubu zake, lakini waya umeipitisha pembeni, haiingii ndani. Nikafurahi, Muzee. Nilicheka peke yangu: Muzee amesahau! Nimepata kosa la Muzee! Nikapitisha waya ndani ya kopo, nyuki zikaisha.

Mama Kevine akaniambia bila hasira, na ingekuwa afadhali hasira: "Gari mingi inapita hapa, na redio zao. Ya kwake nilikuwa naijua kwa nyuki, akiwa bado chini kwa kona. Hapo ndiyo nageuza bugali. Alitakaga kuzitoa, ni mimi nilimukataza." Halafu akafunua sufuria. Alikuwa ameuacha ule ugali haujageuzwa, anangoja kusikia unapanda. Umeshikana chini. Umeungua.

Jumapili nikarudi. Nikalitoa lile kopo, nikapitisha waya pembeni kama wewe. Nikawasha injini. Kimya, safi. Waya zako za zamani ziliishaenda na kijana wa vyuma vikuukuu. Nikalegeza kule nilikokwangua, nikahamisha waya ya dinamo, nikairudisha, nikaihamisha tena. Ikaja kelele moja nyembamba. Nikamwita Mama Kevine. Akatoka na kanga yake mabegani, akasimama karibu na mlango wa dereva, akafumba macho. Nikakanyaga gazi pole pole. Akasikiliza muda mrefu, Muzee. Akanishika kichwa kama unavyomshika mutoto, akasema: "Apana, Fisto. Huyo ni mutu mwingine."

Nyuki zako nimeziua, Shefu, na sijui zilikuwa zinatoka wapi.

Fisto