Nyuzi Zilizokutana Tena Majini

Mama yangu,

Pokea salamu kutoka Liège, kwenye baridi inayouma meno. Hapa nachunguza umbo la nyuzi fupi za ADN, zile zinazobeba urithi wa viumbe, zilizotengenezwa maabarani, zikiwa ndani ya maji ya chumvi. Leo nilizipasha moto, zikaachana. Maji yalipopoa, kila uzi ulikutana tena na mwenzake bila mimi kuuelekeza. Nikakumbuka simu yetu, risasi zikilia huko kwetu Bunia, nawe ukikataa kukimbilia Aru kwenye usalama: “Nikienda, weye utanipata wapi?”

Sithubutu kusema kwamba watu ni kama nyuzi. Huenda najifariji tu. Hata hivyo nenda, Mama. Nitashuka sokoni Aru nimuulize kila muuza sombe, yale majani ya muhogo, hadi mmoja aniambie, “Mama yako? Iko pale, anakungoja.”

Mwanao mwenye hamu nawe,
Dorika