Jina Nililolitoa kwenye Tanzia ya Baba

Mpendwa Bi Saida, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba unijibu upesi, kwa sababu hitma yetu ya kuwarehemu wazee ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa Shaabani, na ikishapita hiyo sijui kama kutabaki cha kusaidia. Jina langu usilitoe, andika tu mama wa Mtanda, hapa Lindi, mwenye miaka hamsini na tatu, mume na wajukuu wawili, yaani mtu mzima asiyefaa kabisa kuwa na mambo haya ninayokwenda kukueleza.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Abilahi, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika cha korosho. Kwa mama yangu tumezaliwa watatu, mimi na wadogo zangu Iddi na Khamisi, lakini baba katika safari zake za kazi alioa mke mwingine kule Likawage, Bi Mwahija, akazaa naye binti mmoja, Nasma. Na hilo jina Nasma ni jina la bibi yetu mzaa baba, ambalo kwa haki lilikuwa langu mimi niliyetangulia kuzaliwa, lakini mama yangu alishikilia nipewe jina la kwao, basi jina la bibi likaenda kulala Likawage. Bi Mwahija hakutaka kuhamia mjini, akabaki kwao na mwanawe, baba akawa anawaandikia barua na kuwapa madereva wa malori wazipeleke. Mali isikusumbue, mshauri, mikorosho baba aliigawa akiwa hai na Nasma alipata yake, hapo hatuna ugomvi.

Baba alipopooza niliyemuuguza ni mimi, miaka mitatu, uji wangu, dawa zangu, kumkanda miguu mimi, kufua mashuka mimi, na katika miaka hiyo mitatu Nasma alikuja mara moja akakaa siku nne, na Bi Saida, siku hizo nne baba alikula kuliko alivyokula mwezi mzima kwa mkono wangu, akacheka, akaomba anyolewe ndevu. Mimi nilikuwa jikoni nikisikia kicheko. Alipoondoka nikapeleka uji baba akaniuliza, "Gari lake limeshafika Nangurukuru?" Hakuuliza kingine.

Wiki yake ya mwisho aliniita akaniambia, "Chukua karatasi, uandike watu wa kupelekewa habari yangu." Akataja polepole, wa kwanza ba'mdogo Shamte wa Tingi, wa pili Nasma, akasema, "Mwanangu wa Likawage, huyo asikose." Nami nikaandika, na wengine wote nikaandika, karatasi ikajaa. Alipofariki, mwaka 2006, wanaume walikuwa makaburini, mimi ndiye niliyepeleka tangazo la redio. Karani pale akanihesabia akasema, "Mama, pole sana, lakini maneno yamezidi, punguza kidogo ndipo uandike kwenye fomu." Palikuwa na mtu wa kupunguza, mshauri, palikuwa na jirani wa zamani aliyehamia Masasi, palikuwa na mshona viatu aliyekuwa akicheza bao na baba. Wale wote nikawaacha humo, nikamtoa Nasma. Sikupitiwa wala sikukosea. Nilijua ninachofanya na nilisikia raha, raha kama ya kuvua kiatu kinachobana. Nikajiambia mwishoni pameandikwa "na ndugu na jamaa wote popote walipo", basi na yeye yumo.

Wakati ule Likawage hakukuwa na simu, na Nasma aliisikia tanzia kwenye redio ya jirani. Akasikia jina la baba yake, akasikia jina la mshona viatu, lake asilisikie. Akabaki kwao. Kwenye matanga Iddi akasema, "Hata kuja kutupa pole ameona tabu!" nami nikanyamaza, na tangu siku ile hadi juzi hapa kwetu Nasma alikuwa ni yule mtoto asiyekuja kumlilia baba yake.

Sasa Nasma ni mwalimu, amehamishiwa Tingi, na kule ba'mdogo Shamte akamgundua. Ni mzee sasa lakini akili timamu, akampokea kwa machozi, anamwita Mama kwa lile jina la bibi yetu, mama yake mzee. Mtoto akaanza kuwauliza wazee habari za ukoo, akaona kila mmoja anasema lake, ndipo akabuni njia ya kukusanya tanzia za zamani, karatasi ambazo watu waliziandika kabla ya kuzipeleka redioni, ambazo wengi wetu tunaziweka ndani ya misahafu na kwenye masanduku. Anasema tanzia haidanganyi kama mzee, inakuambia fulani wa wapi, mjukuu wa nani, nani aliyekuwa Mchinga na nani Kilwa Masoko mwaka ule. Amepata thelathini na kitu, na barua juu yake, anaziunganisha kwenye daftari kubwa. Daftari hilo litasomwa siku ya hitma badala ya orodha yangu. Orodha ya marehemu wetu nimeitunza mimi tangu mama afe, kila Shaabani mimi ndiye ninayempa shehe majina, na mwaka huu hakuna aliyeniuliza.

Likizo ya Desemba alikaa kwangu wiki tatu na barua za baba alizokuwa akiandikiwa, thelathini na moja, kazifunga kwa utepe. Akawa anawasomea watu barazani, Iddi yule yule aliyekuwa akimlaumu anafuta machozi, mume wangu Hasani ananiambia, "Baba yenu alikuwa na maneno matamu, mbona hukuwahi kunihadithia?" Nitahadithia nini, sikuwahi kuambiwa! Wakati Nasma yuko sokoni nilizifungua nikazisoma zote nikiwa nimesimama. Mwanangu mpenzi, umepona malaria, mwanangu soma, mwanangu nimekuona ndotoni. Mimi nimetajwa mara tatu. Mara moja ameandika, "Huyu mkubwa yupo, hajambo." Mara ya pili kwamba nimeolewa. Mara ya tatu kwamba chai yangu ina sukari nyingi. Mshauri, nilitamani kuzitia kwenye jiko, na utepe wake.

Siku ya kuondoka akanionyesha daftari. Chini ya jina la baba ameandika watoto watatu, mimi, Iddi na Khamisi. Yeye hayumo, amejiandika ukurasa wa mwisho kabisa, pamoja na waliosaidia kukusanya habari. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, na wewe je?"

Akasema, "Dada, mimi nafuata maandishi. Kila mtu nimemweka kwa tanzia. Kwenye tanzia ya baba, nakala ya ile fomu ya redio, simo."

"Na barua hizi zote?"

"Barua ni za zamani. Tanzia ndiyo neno lake la mwisho. Labda alipougua moyo wake ulibadilika, na mimi sikujua nilimkosea nini." Akalifunga daftari akaniomba radhi kwa kunichosha.

Bi Saida, ile karatasi niliyoandika kwa mdomo wa baba ninayo mpaka leo, iko chini ya khanga zangu, jina lake liko mstari wa pili. Sikuitoa. Nilimsindikiza stendi nikarudi nyumbani. Nikinyamaza, daftari litasomwa vilevile ninavyotaka, mimi mtoto wa kike peke yangu. Nikisema, ba'mdogo ataniachia radhi mbaya na wadogo zangu hawatanitazama tena. Na ukweli ni kwamba hata sasa ninapokuandikia namwonea wivu, simpendi anavyopendwa, na naogopa nikitoa karatasi ile nitakuwa nimempa na hicho kidogo kilichobaki kwangu. Niichome? Nimpe? Nisubiri nife waikute? Niambie, mimi nimeshindwa.

Mama wa Mtanda, Lindi

*

Marahaba, mama wa Mtanda.

Umeniomba nikuchagulie kati ya kuchoma, kutoa na kufa. Nianze na kufa, maana ndilo ovyo kuliko yote. Unataka watoto wako waje kupekua khanga zako wakiwa na msiba, wakutane na karatasi hiyo, wakamtazame mama mdogo wao usoni? Mficha maradhi kilio humfichua, na hicho kilio kitakuwa chako. Kuchoma nako usinitajie tena. Ungekuwa wa kuchoma ungechoma mwaka 2006. Umeitunza karibu miaka ishirini kwa sababu kuna mtu ndani yako anayetaka ionekane, na mimi naongea na huyo.

Kwanza nikupe haki yako, kwa sababu naona hakuna aliyekupa. Kumuuguza mtu aliyepooza miaka mitatu ni kazi, na kumsikia akichekea mgeni wakati wewe uko jikoni na moshi kunauma. Ningekuwa wewe ningelia. Lakini dada yangu, barua huandikiwa aliye mbali. Mama yangu mimi hajaniandikia hata mstari mmoja mpaka anaingia kaburini, kwa sababu tulilala chumba kimoja, akinitaka aliniita. Baba yako angekuandikia nini nawe ukiitwa unaitika? Angekuandikia kwamba chai ina sukari nyingi wakati kikombe anakipokea mkononi mwako? Nasma alipewa karatasi thelathini na moja. Wewe ulipewa mtu mwenyewe, kila asubuhi, na harufu yake na ukali wake. Nina hakika yule binti angekupa utepe na barua zake zote apate wiki moja ya hiyo miaka yako.

Pole yangu inaishia hapo. Karani alikuambia upunguze maneno, hakukuambia upunguze watoto. Mshona viatu umemwacha humo, mtoto umemtoa! Hiyo ndiyo roho ya korosho yenyewe, na wewe mtoto wa karani wa korosho ulipaswa kuijua unapoiona. Na wala usijifiche nyuma ya "popote walipo". Maneno yale ni ya wale tusiowakumbuka. Nasma ulimkumbuka vizuri mno.

Tena kosa lako kubwa si la siku ile redioni. Siku ile ulikuwa umefiwa, una uchungu, shetani alikuwa karibu. Kosa kubwa ni la pale matangani Iddi aliposema na wewe ukanyamaza, na kubwa zaidi ni la Desemba, mtoto wa watu alipokuambia hajui alimkosea nini baba yake, nawe ukamsindikiza stendi. Huyu anafuata maandishi, na maandishi aliyoyafuata ni mwandiko wako. Umemfanya ajifute kwa mkono wake mwenyewe. Unasema utabaki mtoto wa kike peke yako? Utabaki peke yako kweli, hiyo nakuhakikishia.

Unaogopa kwamba utampa kidogo kilichobaki kwako. Kilichobaki kwako ni nini, mama? Karatasi ambayo huwezi hata kuifunua ukaisoma kwa raha. Na wivu usiusubiri uondoke ndipo ufanye haki, kwa sababu hautaondoka wiki hii na hitma ni Ijumaa. Nenda nao. Wivu si maradhi ya kulazwa kitandani, watu wanatembea nao, wanapika nao, wanafanya na mema nao.

Sasa nisikilize. Usimsubiri aje Lindi. Habari ya msiba hupelekwa, haikai ndani ikangoja mwenyewe aifuate. Kesho asubuhi chukua ile karatasi, panda gari uende Tingi, umwombe Nasma mkae wawili tu, ba'mdogo Shamte asiwepo. Mpe karatasi mkononi aisome mwenyewe, mstari wa pili. Kisha mwambie, "Nilikutoa mimi, baba alisema usikose." Maneno ya karani usiyatie. Habari za uji na mashuka usizitie, hizo ni za siku nyingine. Na usilie kabla yake, tafadhali, maana yule anavyoelekea ukilia ataacha lake akubembeleze wewe.

Atakalosema, pokea. Akinyamaza, kaa. Akikufukuza, ondoka, na karatasi ibaki kwake. Wengine waambiwe au wasiambiwe, hilo ni lake yeye kuamua, ila Iddi utamwambia wewe leo hii, kabla hujaondoka Lindi, kwa sababu jina baya la yule binti lilitokea kwenye nyumba yenu na wewe ndiye unayejua kwamba halikuwa lake. Iddi atakasirika. Akasirike. Ba'mdogo akijua naye atasema, na mzee akisema huinamishi kichwa ukajibu, unainamisha tu. Radhi ya mzee haipotei kwa mtu aliyekuja kukiri, inapotea kwa aliyekutwa.

Na orodha ya marehemu, ile uliyoitunza, ipeleke vilevile. Mwambie Nasma aipitie, aone kama kuna aliyemkosa kwenye tanzia zake. Atawakuta, kwa sababu wapo watoto wachanga na wanawake waliokufa bila kutangazwa popote, ambao nina imani mama yako alikutajia kwa mdomo. Hao anawahitaji, na hawapati kwa mtu mwingine yeyote.

Ukishamaliza yote hayo, kabla ya kuinuka, umpe mkono wa pole. Alifiwa na baba yake, na katika nyumba yenu hakuna hata mmoja aliyempa.