Mkono Wangu Ndio Taa ya Breki

Nyumba ya uani, nyuma ya kiwanda cha magodoro,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, na maumivu ya tumbo yamekuachia nafasi angalau ya kulala. Bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Unakula? Najua utajibu kwamba unakula, na najua ni chai na mkate tu, kwa hiyo nakuuliza tena: unakula? Na watoto hawajambo? Yule wa mwisho ameacha kumuuliza kila mgeni anaondoka lini?

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mimi uzima wangu ni wa mtu aliyekwama, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu mume wangu husikia kila neno. Chumba chetu unakijua, ukipiga chafya kitandani jiko linajibu.

Dada, naona haya. Daktari alikupangia siku ya upasuaji ukaiahirisha kwa sababu nilikwambia unisubiri, ukaja ukaahirisha tena. Uko peke yako na watoto wawili, na uvimbe ule unakua, nami kila ukinipigia nasema bado kidogo. Hukuniuliza hata mara moja kinachonizuia ni nini. Leo nakwambia: ni swichi.

Usicheke. Ni kidude kidogo kilicho karibu na pedeli ya breki ya pikipiki ya shemeji yako. Ukikanyaga pedeli, kinawasha ile taa nyekundu ya nyuma ili wanaokufuata wajue unasimama. Chake kimekufa. Anakanyaga, pikipiki inasimama, taa kimya. Unakumbuka aligongwa na lori la mchanga akachubuka viwiko? Dereva alishuka anaapa kwamba hakuona taa yoyote. Alisema kweli.

Kumbe si yake tu. Kiwanda kilitangaza kwamba pikipiki zote za toleo lile zina swichi inayoingiza maji, na wenye nazo wazipeleke kwa wakala zikabadilishwe bure. Shemeji yako alikwenda. Wakasoma namba ya chasisi, wakakubali, wakamwambia swichi mpya hazijafika, zikifika watampigia. Fundi wa mtaani akajaribu kutuokoa kwa kuunga waya moja kwa moja, taa ikawa inawaka muda wote, tukienda inawaka, tukisimama inawaka. Aliye nyuma atajuaje? Tukaukata ule waya.

Sasa kazi yake unaijua. Friji za watu haziji nyumbani kwetu zenyewe, lazima azifuate kuzitengeneza. Basi akanikuta kwenye cherehani, akaniangalia weee, kisha akasema, "Mke wangu, ukikaa nyuma ukawa unainua mkono, si itatosha?" Nikacheka, nikadhani ni utani. Nikashona glavu nyekundu kwa masalio ya bitana ya satini, nikapanda. Ilikuwa iwe siku mbili tatu tu.

Dada, mpaka majuzi nilikuwa bado niko juu ya pikipiki.

Nimekuwa taa. Sanduku la spana liko mapajani, mkono mmoja umelishika, mwingine uko tayari. Haniambii anaposimama, nimejifunza mgongo wake. Kabla hajakanyaga breki mabega hupanda kidogo, nami napandisha mkono. Tukifika kwa mteja nakaa uani kwenye ndoo iliyofunikwa nikingoja friji ya mtu ipate baridi. Watoto wa mtaani wananiita Mama Taa. Wanawake walioniletea vitambaa vyao wamekuja kuvichukua mmoja mmoja, na sikuwa na uso wa kuwazuia. Cherehani imefunikwa shuka, inanitazama kila nikipita.

Ningeshuka, nani angemwonyesha mwenye lori? Hapo ndipo nilipofungiwa. Nikikaa, wewe unaumia. Nikija kwako, nitakuwa nakuuguza huku masikio yangu yapo mlangoni yakingoja habari ya barabarani. Nimelia, dada, na kulia kwenyewe nililia nikiwa nimevaa helmeti, ili asione.

Kila jioni namuuliza: swichi? Na kila jioni ana jibu. Mara meli imechelewa. Mara mzigo umekwama bandarini. Mara mtunza stoo wao anaumwa, na ni yeye tu mwenye ufunguo. Yule mtunza stoo nilimhurumia sana. Nilimwombea kwa jina la kazi yake, maana jina lake silijui.

Basi Jumatano tumesimama kituo cha mafuta, kwenye foleni. Akasogea kijana mnene mwenye ovaroli la wale wakala, akaitazama glavu yangu, akacheka. "Shemeji, mbona unampungia kila mtu?" Nikamweleza. Nikamuuliza, kwa adabu zote, kama mtunza stoo amepata nafuu.

"Nafuu ya nini? Mtunza stoo ni mimi. Sijaumwa hata mafua."

Nikamwambia kuhusu swichi. Akashangaa. "Mbona zilifika zamani? Mzee nilimpigia mwenyewe, zaidi ya mara moja. Akasema atakuja. Kazi yenyewe fundi anaimaliza chai yako haijapoa."

Shemeji yako alikuwa mbele yangu, helmeti kichwani. Hakugeuka. Mimi niliona shingo yake tu, na mabega yale ninayoyajua yakapanda, wakati pikipiki ilikuwa imesimama.

Tukarudi nyumbani. Mkono niliinua kila alipopunguza mwendo, maana hasira ni hasira na lori ni lori. Tulipofika nikaweka sanduku chini, nikamuuliza kwa nini. Akavua helmeti, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Dada yako alikuandikia ana chumba cha mbele chenye nafasi ya cherehani."

"Ndiyo. Kwa hiyo?"

"Ukienda hutarudi. Mke wa nani anarudi kwenye chumba hiki?" Akaipangusa tena helmeti. "Ulipokaa nyuma yangu nilikuwa najua uko wapi."

Nilikasirika, dada, mpaka meno yakaniuma. Mtu mzima unaumwa, umelala unahesabu dari, yeye anamwuguza mtunza stoo wa uongo! Kila siku alinipandisha kwenye kifo chake na changu, magari yakitupumulia visogoni, ili tu anibane. Nilimwambia hayo yote na mengine ambayo siandiki. Alinywea. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikuweza kumwapia kwamba nitarudi. Kile chumba chako cha mbele nimekifikiria, na dirisha lake pia.

Asubuhi yake nikapanda nyuma, nikamwambia: kwa wakala. Akaenda. Mtunza stoo akanipokea kwa kucheka, akaleta swichi ikiwa kwenye mfuko wa nailoni, ndogo hata nikaona aibu kwa niaba yetu wote. Fundi akaifunga. Kweli, chai haikupoa.

Fundi akasema taa ijaribiwe. Nikamwambia akae tu, nitaangalia mwenyewe. Nikavua glavu, nikasimama katikati ya ua, na shemeji yako akaendesha taratibu kuelekea geti. Nilikuwa sijawahi kumwona akiondoka, dada. Siku zote hizo nilikuwa nyuma yake na sijawahi kumwona kwa nyuma namna ile, mdogo, na kiti kitupu.

Karibu na geti akakanyaga breki. Taa ikawaka, nyekundu, safi kabisa.

"Inawaka?" akapaza sauti bila kugeuka.

Ndipo nikatambua kwamba mwendeshaji hawezi kuiona taa yake mwenyewe. Ni lazima aamini anachoambiwa na aliyesimama nyuma. Fundi alikuwa amerudi ndani. Tulikuwa wawili tu uani, na neno lilikuwa langu. Ningeweza kusema bado.

"Inawaka," nikasema.

Akaachia, akakanyaga tena. "Inawaka kweli?"

"Inawaka."

Akakanyaga mara ya tatu, na safari hii hakuuliza kitu. Alikaa pale getini, mguu kwenye pedeli, taa inawaka na yeye haendi popote. Nikamwambia aende kazini, wateja wanamsubiri. Akaenda. Mimi nikarudi nyumbani kwa miguu.

Nakuja, dada. Nimekata tiketi ya basi la Alhamisi. Mwambie daktari asiisogeze siku tena. Nitakaa mpaka utembee bila kushika ukuta. Baada ya hapo usiniulize, kwa sababu shemeji yako naye anatamani kuniuliza na hathubutu, nami sina jibu la kumpa yeyote kati yenu.

Wabusu watoto, waambie mama yao mdogo anakuja, na yule wa mwisho asiniulize naondoka lini. Msalimie jirani yako mwenye duka anayekuletea maji. Shemeji yako anakusalimu. Amenituma niandike hivyo, kisha akatoka nje haraka. Mungu akushike mkono mpaka niufikie, na aniongoze njiani nikukute hai na mkali kama kawaida yako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye sana,

Mama Taa, mstaafu.

Nimesahau: jana nikiwa jikoni nilisikia pikipiki yake inapunguza mwendo hapo nje, na mkono wangu ukainuka wenyewe.