Siku Nilipoitwa Mhafidhina Hapa Kikula

Kikula, Likasi

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, na kabla ya neno lingine nakuuliza: magoti yanasemaje? Bado unakwenda misa ya asubuhi kwa miguu, au umekubali kupanda pikipiki? Ndagala wamepatikana ziwani mwaka huu? Huku Likasi tuko wazima. Mke wangu amenenepa na hataki lisemwe. Mahindi ya Kapolowe yamejaa sokoni, ugali wetu wa bukari upo, na mimi ningali nafundisha historia na kugombana na nusu ya mji.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukisikia sauti yangu unakata, na barua haikatiki. Ni miaka sita sasa tangu tulipoondoa matanga ya mama hapo Kalemie. Tulikuwa tunajadili kama tubomoe nyumba yake na kujenga mpya. Wewe ulitaka kila mtu aulizwe, mmoja mmoja, hata shangazi aliyekuwa akilala chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa na haraka ya treni. Nikadai tupige kura kwa mikono, nikasimama mbele ya wakwe nikakuita mhafidhina, mtu anayetawaliwa na wafu. Nikabeba sanduku langu nikaondoka, nikijiona nimeshinda.

Sasa sikia mambo ya Jumamosi iliyopita, ucheke.

Mtaa wetu una bomba moja la maji, na kamati ilitaka lihamishiwe kando ya barabara kubwa. Mimi nilipinga, kwa sababu malori ya mawe kutoka machimbo ya Kakontwe yanapita pale bila kumwonea mtu huruma. Ila nilikuwa na uhakika kwamba tutajadiliana. Wazee waliojenga mtaa huu walikuja kutafuta kazi migodini, kila mmoja na kabila lake. Hapakuwa na chifu wa wote, basi wakajizoesha kusikilizana: jambo haliamuliwi mpaka kila nyumba imesema, hata ya mpangaji aliyeingia jana.

Nilipofika mkutanoni, mwenyekiti wetu mpya, Trésor, mfanyabiashara wa simu wa miaka thelathini hivi, alikuwa anafunga daftari.

“Papa Prof, unachelewa,” akasema. “Tulishavota mu WhatsApp. Robinet inahama.”

“Na Mama Odile?” nikauliza. Huyo ni jirani yangu, mjane anayeuza makaa, naye alikuwa ameketi pale pale juu ya ndoo yake. “Ule hana na telefone.”

“Muntu moja, Papa. Muntu moja hawezi kugeuza kitu.”

“Hata kama. Bamuulize.”

Trésor akawageukia watu huku akicheka. “Munaona? Kila siku anatufundishaka révolution, kumbe njo conservateur.”

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Baba, unanijua. Nimeandika makala thelathini dhidi ya wahafidhina, na sasa nabandikwa jina lao mbele ya ndoo za maji. Nikapanda juu ya jiwe nikaanza.

Niliwaambia kwamba neno hilo lilipata nguvu kule Ufaransa baada ya mfalme kukatwa kichwa, likawa jina la waliotaka kulinda kiti cha enzi na altare. Baadaye wajukuu wao wakaja kulinda viwanda na soko huria, vitu ambavyo babu zao waliviona ni uhuni. Kwingine, ambako chama cha wafanyakazi kilitawala, wahafidhina walikuwa wazee wa chama wenyewe, walinzi wa mapinduzi. Mkoloni naye alisema anatunza mila zetu, lakini mila alizichagua yeye, na machifu pia. Halafu hapa kwetu kikaja chama kilichojiita cha mapinduzi, kikatuamuru turudi kwa mababu na kuacha majina ya ubatizo. Hapo nikakukumbuka wewe, katekista, ukituita kwa majina hayo ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Nani alikuwa mhafidhina siku zile, chama au wewe? Nikawa natafuta jibu hapo hapo juu ya jiwe, mkono uko hewani.

“Prof,” akasema Mama Odile, “unatutembeza Ulaya yote na jua inawaka. Sema tu: weye unataka kuchunga nini?”

“Nataka kila muntu aseme mbele ya kukata shauri.”

“Basi shuka, niseme.”

Nikashuka. Mama akasimama taratibu, akafunga vizuri kitenge chake. “Minye nataka robinet iende ku barabara. Kule ni karibu na kwangu, magulu yangu inachoka. Lakini mulipashwa kuniuliza.”

Umesikia, Baba? Nimempigania aseme, naye akanipinga mimi. Trésor akainamisha kichwa: “Pardon, Mama.” Akafungua tena daftari, na watu wakaanza kusema upya. Mpangaji mmoja, fundi mwashi ambaye hata jina lake tulikuwa hatulijui, akajitolea kujenga ukuta upande wa malori. Bomba linahama. Nimeshindwa vizuri kabisa, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ila njiani mluzi ulikatika. Miaka sita nimesimulia watu kwamba ulikataa nyumba ya mama ibomolewe. Hukukataa. Ulisema shangazi aulizwe. Maoni yako wewe sikuyasikia, kwa kuwa mkubwa husema mwisho, na zamu yako ilipofika mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Nisamehe, Baba. Sisemi nimekubaliana nawe kwa kila jambo. Kuhusu maaskofu bado tutagombana, na hoja mpya ninazo. Lakini likizo ya Julai nakuja, na siku ya kurudi sitaipanga. Nitaketi ningoje wote waseme, kisha nikusikie. Kama Julai ni mbali, nijibu mstari mmoja tu: nyumba ya mama, wewe ulitaka tuifanyeje?

Nisalimie shangazi, na umwombe radhi kwa niaba yangu mpaka nije mwenyewe. Dada mdogo anayekupikia. Mjomba wa mitumbwi. Na yule katekista aliyeshika kazi yako, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii sasa macho yako yamechoka. Asiruke neno hata moja, hasa yale ya maaskofu.

Mwanao anayengoja zamu yake,

Anselme