Neno Lililozima Mashine

Chumba cha Nyuma,
Nyumbani kwa Kaka Yako.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia kukuomba upokee simu. Nimelitanguliza jambo lenyewe kwa kuwa nakujua hupendi maneno ya kuzungukazunguka. Hata hivyo, ombi lisilo na salamu ni sawa na mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Basi niruhusu nirudi mlangoni.

Shikamoo, Shangazi. U hali gani? Magoti yanasemaje asubuhi, na kile kikohozi kimeshahama au kimeomba kuongezewa muda? Sisi huku tu wazima. Baba anakusalimu na kulalamika kwamba barua zako kwake ni fupi kuliko zile unazomwandikia Mama. Mama anasema ajiulize kwa nini.

Nahisi Baba hakukueleza vema kazi niliyoipata baada ya kuhitimu. Yeye huwaambia watu kwamba mimi ni daktari wa kompyuta. Mama huwaambia kwamba mimi huongea peke yangu chumbani. Ukweli umekaa katikati yao, kama ilivyo desturi ya nyumba hii. Shirika lililoniajiri halitafuti faida: hutengeneza miguu bandia na viti vya magurudumu. Karakana zake zimetawanyika kama punje zilizomponyoka mtu njiani. Nyingine ziko bondeni, nyingine milimani, nyingine pale ambapo barabara hukata tamaa. Kila karakana ina kompyuta inayotunza vipimo vya watu wake. Kompyuta hiyo ikiugua, mimi huitibu nikiwa hapahapa, kwa simu na kwa mtandao.

Sijui nikueleze vipi hali hiyo, Shangazi. Nikisogeza mkono juu ya meza yangu, kishale hutembea kwenye skrini iliyo katika chumba nisichowahi kukiona. Mtu aliye huko hukitazama, nami humsikia akipumua. Nyuma yake nasikia msasa ukilamba mbao, kuku, mlango usiofunga vizuri. Saa za mchana, pazia likiwa limeshushwa, husahau mwili wangu uko wapi. Juma lililopita mvua ilinyesha juu ya bati la karakana moja, ikanyesha kwa utulivu ndani ya masikio yangu, nami nikainuka bila kufikiri, nikatoka uani kuanua nguo. Mama alinikuta nimezikumbatia.

"Unaanua nguo na jua liko utosini?"

"Inanyesha, Mama."

"Wapi?"

Nikazirudisha kambani moja moja, mimi mwenye shahada.

Sasa nafika penye mwiba. Shirika limeniagiza nihamishe vipimo vyote kutoka kompyuta za zamani kwenda kwenye mfumo mpya. Kazi yenyewe si ngumu, ila mashine haitakiwi kuzimwa katikati. Nilianza na karakana ya fundi mmoja tunayemwita Bwana Taratibu, kwa sababu hana haraka hata akiona moto. Tulikuwa tumefika nusu, simu inakatikakatika, sauti yake ikinijia kama ya mtu aliyeko chini ya maji. Kompyuta yake ilianza kunguruma. Akaniuliza, "Nizime?" Mimi nikasikia, "Nzima?" Nikadhani anataka kujua iwapo mashine iko salama, nikamtuliza kwa upole wote niliofundishwa: "Nzima, Bwana Taratibu, nzima kabisa."

Naye, upande wa pili, akasikia, "Zima, zima kabisa." Akazima kabisa. Hata waya akauchomoa, kwa utiifu.

Vipimo vya wiki nzima vilipotea. Miongoni mwao vilikuwamo vya fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, ambaye alikuwa amesafiri kutoka mbali, akapimwa, akarudi kwake kusubiri mguu. Ilibidi asafiri tena. Alipofika aliomba aongee na mimi.

"Wewe ndiye wa hewani?"

"Ndiye mimi, Mama. Naomba radhi."

"Mwanangu, mguu wenyewe ulishapotea kitambo. Sasa mmepoteza hata ukubwa wake?"

Karakana nzima ilicheka, naye akacheka kuliko wote. Lakini nilimsikia akishusha pumzi alipoketi, na pumzi ile haikuwa ya kicheko.

Mkurugenzi aliniita kwenye mazungumzo. Nilimweleza kuhusu neno lile kwa ufasaha, nikiamini kwamba sababu nzuri ni nusu ya msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Lugha siwezi kuifukuza kazi," akasema, "mtu naweza." Kisha akanipa nafasi moja. Jumamosi ya tarehe 29 nitazihamisha karakana zilizobaki, na ile ya Bwana Taratibu upya, zote kwa simu. Hata moja ikizimika katikati, shirika litarudi kwenye makaratasi, na mkataba wangu wa majaribio utaishia hapo.

Tangu hapo nimejaribu kulifukuza neno "zima" kinywani mwangu. Halitoki, Shangazi. Limejificha kila mahali. Nilipomwambia Bwana Taratibu, "Safari hii lazima usubiri," akauliza kwa adabu, "Samahani, umesema lazima, au umesema zima?" Nimefikiri niseme "laza mashine" badala ya kuizima, na "salama" badala ya nzima. Lakini haya ni maneno niliyoyabuni mezani, nikiwa mkavu. Sijui yatakuwaje yakishalowa njiani.

Ndipo nikakukumbuka. Miaka yote ile uliyokaa kwenye mitambo ya simu ukiwaunganisha watu, hakuna aliyekushinda kusikiliza laini mbovu. Nilipokuwa mdogo, nikija kwako likizo, uliniambia neno fupi ndilo la kwanza kufia njiani, nami nilidhani unanitungia kitendawili. Ninachokuomba ni hiki: nikuunganishe na karakana ya Bwana Taratibu, yenye laini mbovu kuliko zote. Yeye na mimi tutasema maneno yetu, nawe utatuambia lipi limefika likiwa hai na lipi limefika likiwa maiti. Mkurugenzi ameniruhusu.

Najua uzito wa ombi hili. Chumba chenu cha kuunganishia simu kilipofungwa na mitambo ikaanza kujiunganisha yenyewe, ulisema simu haina tena mtu ndani yake, na tangu siku ile hujainua hata moja. Binamu ananiarifu kwamba ile aliyokununulia iko juu ya kabati, imechajiwa, na kwamba unaipangusa vumbi kama picha ya marehemu. Sitajifanya kwamba nimekuja kukurekebisha. Nathubutu kusema jambo moja tu, kwa heshima zote: ndani ya simu bado mna watu. Nawasikia wakipumua kila siku. Mmoja wao ni fundi wa miguu mwenye kuogopa kugusa kitufe chake mwenyewe, na mwingine ni mimi, niliyekaa chumba cha nyuma, ninayezisoma barua zako kwa sauti ya kubuni kwa kuwa ile ya kweli imeanza kunitoka.

Nisalimie Binamu, na mkewe, na yule mtoto wao mdogo mnayemwita Mzee. Mwambie jirani yako muuza dawa kwamba Mama aliipokea ile chupa na kwamba harufu yake imewahamisha mende wote. Mungu akupe usingizi mwororo na asubuhi zisizokudai kitu, akuzidishie umri wenye afya.

Nimezihesabu siku za posta, na nimechagua saa ambayo Binamu atakuwa nyumbani akushushie simu kutoka kabatini. Ikiita, usiseme lolote la maana. Kohoa tu, nitakutambua. Usipoipokea nitaelewa, na heshima yangu kwako haitapungua hata chembe. Lakini sitaikata mimi. Nitaiacha iite mpaka ichoke yenyewe, kisha nitapiga tena.

Basi tukutane hewani, Shangazi: Alhamisi, tarehe 27 Machi, saa nne kamili asubuhi.

Ni mimi mwanao kwa kaka yako,
nikupendaye kwa karibu na kwa mbali,
Profesa wako.